Kadi ya bahati haina jibu sahihi: maana ya uamuzi wa hatari kwenye kazi ya siasa ya The Sims

Ukiwauliza wachezaji wawili wa The Sims 2, mchezo wa kompyuta wa kuendesha maisha ya wahusika wa kubuni, kuhusu kadi inayotokea mhusika wao akiwa kwenye kazi ya siasa, mmoja atakwambia jibu sahihi ni A, kwa sababu alichagua A mhusika akapandishwa cheo. Wa pili atamkatiza: si kweli, jibu sahihi ni B, yeye alichagua A mhusika akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Kila mmoja anasema kweli kuhusu yaliyompata, na wote wawili wanaikosea kadi. Nimeyasikia mabishano haya mara nyingi mno, na kila mara neno linaloumia ni lile lile: hatari. Chaguo lililoleta hasara linaitwa la hatari, lililoleta faida linaitwa salama au sahihi, na mjadala unaishia hapo.

Maana yenyewe ni fupi. Kadi ya bahati ni ujumbe unaojitokeza ghafla mhusika akiwa kazini, unaoeleza tukio na kukutaka uamue kwa niaba yake. Kwenye The Sims 2, iliyotoka mwaka 2004, unapewa njia mbili na ruhusa ya kuupuuza ujumbe. Ukiupuuza, hakuna kinachobadilika. Ukichagua, mchezo unaamua kwa bahati kama njia uliyoshika itazaa mema au mabaya: fedha kuongezeka au kupungua, ujuzi kupanda au kushuka, cheo kipya, kushushwa cheo au kufukuzwa. Uamuzi wa hatari ni uamuzi ambao, wakati unaufanya, una matokeo zaidi ya moja yanayowezekana, na angalau moja kati ya hayo litakuumiza. Maneno ya kushika hapo ni "wakati unaufanya".

Maana yake ni kwamba kila njia kwenye kadi ina matokeo mawili, jema na baya. A inaweza kukuinua na inaweza kukuangusha, na B vivyo hivyo. Wabunifu hawakuficha jibu la mtihani nyuma ya herufi moja. Waliweka uwezekano. Anayesema jibu sahihi ni A anasimulia jinsi bahati ilivyomwangukia siku ile, kisha anaigeuza simulizi hiyo kuwa sifa ya kadi.

Nadhani mkanganyiko huu una mizizi ya zamani, kwa sababu kadi za bahati zilianza zikiwa hazina uamuzi wowote. Kwenye Monopoly, mchezo ulioanza kuuzwa na Parker Brothers mwaka 1935, kuna rundo la kadi 16 za Bahati. Unachukua ya juu, unasoma, unatii. Ukiambiwa nenda jela, unakwenda. Hapo kuna bahati bila uamuzi, na mchezaji hana cha kujilaumu wala cha kujisifia. Toleo la Uingereza lina kadi moja ninayoipenda sana, kwenye rundo lile jingine la Sanduku la Jumuiya: lipa faini ya pauni 10, au chukua kadi ya Bahati. Kwa sentensi hiyo moja bahati tupu inageuka kuwa uamuzi wa hatari. Una hasara unayoijua mkononi, na upande wa pili una kitu kinachoweza kuwa kizuri kuliko hapo au kibaya kuliko hapo. Kuchagua ni juu yako.

The Sims ikapita njia hiyo hiyo. Kwenye mchezo wa kwanza wa Will Wright na studio ya Maxis, wa mwaka 2000, ujumbe wa kazini ulikuwa taarifa tu: limekutokea hili, umepata au umekosa. Uchaguzi ulikuja na mchezo wa pili. Wengi wetu tulihamia kwenye kadi zenye uamuzi tukiwa bado na fikra za kadi za kutii, ndiyo maana tunazungumza kana kwamba chaguo A lina matokeo yake, mamoja na ya kudumu, yanayongoja kugunduliwa.

Sasa tuitazame hatari yenyewe kwa karibu. Chukua kadi ya kubuni, si ya kwenye mchezo. Mhusika wako ni meneja wa kampeni. Njia A ina nafasi 8 kati ya 10 ya kumletea simoleoni (fedha ya mchezo) 1,000, na nafasi 2 kati ya 10 ya kumpotezea 3,000. Njia B ina nafasi 5 kati ya 10 ya kumpa 500, na nafasi 5 kati ya 10 ya kumpotezea 100. Piga hesabu ya wastani. A: 800 toa 600, inabaki faida ya 200. B: 250 toa 50, faida ya 200. Wastani ni mmoja. Lakini hazilingani kwa hatari hata kidogo. A inafanikiwa mara nyingi zaidi kuliko B, na bado ndiyo yenye hatari kubwa, kwa sababu ikienda vibaya inakwenda vibaya sana. Familia yenye simoleoni 50,000 itaipokea hasara ya 3,000 ikaendelea na maisha. Familia yenye 2,500 haina pa kuitoa.

Hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa. Wanadhani hatari ni wingi wa mara za kushindwa, wakasahau kuuliza kushindwa kwenyewe kuna uzito gani, na kwa nani. Kwenye ngazi ya siasa swali hilo lina nguvu ya pekee. Mhusika anaanza akiwa mfanyakazi wa kampeni na kupanda ngazi kumi, hadi kufika seneta ngazi ya tisa na meya ngazi ya kumi. Kila cheo kinamdai ujuzi zaidi na marafiki wa familia zaidi. Kufukuzwa akiwa mwanagenzi ngazi ya pili ni usumbufu. Kufukuzwa akiwa seneta ni kupoteza kazi ya miaka: ujuzi anabaki nao, cheo kimekwenda. Kwa hiyo hata kama uwezekano wa kufukuzwa ungekuwa ule ule kwenye ngazi zote mbili, hatari isingekuwa ile ile.

Rudi kwenye kadi yetu ya kubuni, uone kwa nini ushuhuda wa wachezaji wachache unapotosha. Tuseme watu wanne wamechagua A, kila mmoja kwenye mchezo wake. Uwezekano wa wote wanne kufanikiwa ni 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani karibu 41 kati ya 100. Si jambo la ajabu hata kidogo. Watu wanne watasimama na kuapa kwamba A ni salama, hakuna aliyesema uongo, na wa tano atakayewasikiliza anaweza kupoteza 3,000 akabaki akijiuliza amekosea wapi. Hakukosea popote. Aliangukia zile nafasi mbili kati ya kumi ambazo zilikuwepo tangu mwanzo.

Frank Knight, mchumi wa Marekani, aliweka mwaka 1921 mpaka ambao ungetusaidia sana hapa. Alitenganisha hatari, ambayo uwezekano wake unaweza kupimwa, na hali ya kutojua, ambayo hata huo uwezekano huna. Kadi inapokutokea kwa mara ya kwanza na asilimia hazionekani popote kwenye skrini, uko kwenye hali ya pili. Aliyeiandika programu anaona namba. Wewe unaona sentensi mbili tu. Ndiyo maana napenda wachezaji wanapokusanya matokeo yao pamoja. Kila mmoja akisema alichagua nini na kikatokea nini, kidogo kidogo kisichojulikana kinageuka kuwa hatari inayopimika. Ila mkusanyiko unafanya kazi hiyo iwapo tu waliopata na waliokosa wote wamehesabiwa. Ukimfuta aliyefukuzwa kwa sababu eti alikosea jibu, umeharibu kipimo.

Kuna jina la tabia ya kuupima uamuzi kwa matokeo yake: wanasaikolojia wanaiita upendeleo wa matokeo. Jonathan Baron na John Hershey waliichunguza kwa majaribio waliyoyachapisha mwaka 1988. Kwenye jaribio moja watu walisomewa habari ya mgonjwa wa moyo na daktari aliyeamua kumpasua, huku wakijulishwa uwezekano wa kufa kwenye upasuaji huo. Walioambiwa mgonjwa alipona waliuona uamuzi wa daktari kuwa bora kuliko walioambiwa mgonjwa alikufa, ingawa daktari alikuwa na taarifa zile zile pande zote mbili. Kama tunamhukumu daktari hivyo, haishangazi kwamba tunaihukumu kadi hivyo.

Siasa za kweli zimejaa mfano huu. David Cameron, akiwa waziri mkuu wa Uingereza, aliruhusu kura ya maoni ya Scotland Septemba 2014, na asilimia 55 wakakataa kujitenga. Akaonekana mtu wa mahesabu. Juni 2016 akaitisha nyingine, ya kubaki au kutoka Umoja wa Ulaya, na asilimia 51.9 wakachagua kutoka. Siku ya pili akatangaza kujiuzulu, na tangu hapo wengi wanamwita mcheza kamari. Hali za kura hizo mbili zilitofautiana, na mtu anaweza kujenga hoja nzito kwamba ya pili ilikuwa uamuzi mbaya. Lakini hoja hiyo lazima isimame juu ya yale yaliyojulikana kabla ya kura. Asilimia 51.9 peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu kama asilimia mbili tu ya wapiga kura wangebadili mawazo, uamuzi ule ule, wa mtu yule yule, ungekuwa leo unasifiwa.

Kuna mkanganyiko mwingine unaonikera zaidi kuliko huo wa kwanza, nao uko hasa kwenye kazi ya siasa. Watu huchukua hatari na uovu wakavifanya kitu kimoja. Kadi ikigusa rushwa, siri iliyovuja au neema kwa rafiki, utasikia: usichague hilo, lina hatari. Pengine lina hatari, pengine halina. Rushwa ambayo haitagundulika kamwe ina hatari ndogo sana kwa anayeipokea, na inabaki kuwa rushwa. Kusimama hadharani kutoa ushahidi dhidi ya bosi wako mwenye nguvu kunaweza kukugharimu kazi, kwa hiyo ni uamuzi wa hatari kubwa, na bado unaweza kuwa ndio uamuzi wa haki. Haya ni maswali mawili, na kila moja linajibiwa kivyake. Mchezo unapotupa bahati yake hautoi hukumu ya maadili. Mhusika mwaminifu anaweza kufukuzwa, na mhusika mla rushwa anaweza kuamka meya. Anayejifunza kutoka hapo kwamba uaminifu ni jibu lisilo sahihi amesoma kitu ambacho kadi haikukisema.

Na ile ruhusa ya kupuuza? Ndiyo njia pekee isiyo na hatari kwenye kadi za The Sims 2, maana tunajua matokeo yake: hakuna kitu. Mchezaji mwenye seneta na akiba ndogo anayepuuza kila kadi si mwoga. Ameziangalia nafasi zake, akaona anachoweza kupoteza kinazidi anachoweza kupata, akafunga ujumbe. Huo nao ni uamuzi, na aghalabu ni mzuri.

Kwa hiyo mwenzako akikuuliza kadi fulani ya siasa inajibiwaje, mweleze hivi: kila njia inaweza kuzaa mema au mabaya, mimi nilichagua A nikapata hili, fulani alichagua A akakosa lile. Kisha muulize mhusika wake yuko ngazi ya ngapi na familia ina simoleoni ngapi. Akisisitiza umpe jibu sahihi, mwambie kwa upole kwamba kadi hiyo haina, halafu mwache achague.