Pakiti ya ORS na chupa ya nusu lita

Dirishani pa dawa kila mtu huitwa daktari, hata mimi mfamasia. "Daktari, mtoto nimempa hiyo ORS yenu, lakini anaitema, na kuharisha ndiyo kwanza kumezidi." ORS ni ule unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji kwa anayeharisha. Mama aliyeniambia hayo alikuwa na mtoto mgongoni, na mkononi chupa ya maji ya nusu lita, ndani kimebaki kidogo tu. Nikaomba nionje. Chumvi tupu!

"Mama, pakiti nzima umeimimina humu?"

"Nzima. Nikasema ikiwa kali itamponya upesi."

Sikuweza kumlaumu. Huku kwetu dawa kali ni sifa, na dawa isiyo kali hainunuliwi mara ya pili. Kabla ya lolote nikampeleka mtoto kwa daktari mwenyewe aliyekuwa zamu. Lakini kosa lile limenikaa kichwani, kwa sababu ni kosa la kemia, tena ile ya kidato cha pili.

Chukua vijiko viwili vya sukari. Ukivitia kwenye kikombe cha chai, chai imekolea. Ukivitia kwenye birika la watu kumi, wageni watakunywa kwa adabu wakitazamana. Sukari ni ileile, haikupungua hata chembe. Kilichobadilika ni maji. Sukari tunaiita kiyeyushwa, maji kiyeyushi, na vyote pamoja ni mmumunyo. Ukolezo ni kiasi cha kiyeyushwa katika ujazo fulani wa mmumunyo. Kwa hiyo "pakiti moja" si jibu la swali lolote mpaka useme pakiti moja katika maji kiasi gani. Maneno yenyewe Kiswahili kilikuwa nayo zamani: chai hukolea, kilichokolea sana huzimuliwa kwa maji (si kule kuzimua kwa Jumapili asubuhi), na maji yakitiwa chumvi mpaka hayapokei tena tunasema yameshiba. Maji ya joto la kawaida hushiba chumvi kwenye gramu 36 hivi kwa kila mililita 100.

Sasa turudi kwenye pakiti. Fomula iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF mwaka 2002 ina gramu 20.5 za unga kwa lita 1 ya maji: glukosi 13.5, chumvi ya kawaida 2.6, sitreti ya sodiamu 2.9 na kloridi ya potasiamu 1.5. Lakini utumbo hauna mizani. Utumbo unahesabu chembe. Ukutani mwake kuna milango ambayo glukosi haipiti peke yake. Kila molekuli moja ya glukosi huingia imeshikana na ayoni (chembe zenye chaji) mbili za sodiamu, ile ya kwenye chumvi, na maji hufuata nyuma yao. Ndiyo maana sukari imo kwenye dawa ya kuharisha. Wengi hudhani ni ya kumbembeleza mtoto.

Kuhesabu chembe ndiyo kazi ya moli, kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe. Gramu 180 za glukosi ni moli moja, basi 13.5 kugawa kwa 180 ni 0.075, yaani milimoli 75 katika lita (milimoli ni sehemu moja ya elfu ya moli). Sodiamu, ukijumlisha ile ya chumvi na ile ya sitreti, nayo inatoka 75. Usawa huo umepangwa. Ukijumlisha chembe zote zilizomo unapata milimoli 245 kwa lita, pungufu kidogo ya damu, ambayo huwa karibu 290. Fomula ya zamani ilikuwa na 311. Waliipunguza kwa sababu maji huelekea palipokolea zaidi: kilichomo tumboni kikiwa chepesi kuliko damu, maji huingia mwilini kwa urahisi.

Mtilie huyu mtoto pakiti ya lita moja katika maji nusu lita. Inakuwa 490. Sasa tumbo limekolea kuliko damu, na maji yanatoka mwilini kwenda tumboni. Kuharisha kunazidi, kama mama alivyosema, huku sodiamu ya damu ikipanda, na hiyo ni hatari kwa mtoto mdogo.

Moli inajibu pia swali ninaloulizwa kila mara: mbona ya nyumbani, ukikosa pakiti, inataka vijiko vidogo sita vya sukari, wakati pakiti ina glukosi kidogo hivyo? Vijiko sita vya kusawazisha ni kama gramu 25, karibu mara mbili. Lakini molekuli ya sukari ya dukani ni nzito. Moli yake ni gramu 342. Gawa, unapata 73. Chembe karibu zilezile! Na kila chembe ya sukari ikifika utumboni hukatwa, ikatoa glukosi moja na fruktosi moja. Chumvi ni nusu kijiko kidogo, maji lita moja, na ukionja isizidi chumvi ya machozi.

Nisijifanye mjuzi sana, maana mimi mwenyewe niliaibika nikiwa mwanafunzi wa mazoezi. Nilitumwa kutengeneza lita moja ya spiriti ya asilimia 70 kutoka ile ya asilimia 96. Hesabu nilipiga vizuri: ukolezo wa kwanza mara ujazo wake ni sawa na ukolezo wa pili mara ujazo wake, kwa hiyo mililita 729 za spiriti. Nikapima 729, nikapima maji 271, nikachanganya. Haikufika kwenye mstari wa lita. Msimamizi akaniuliza nimemwaga wapi. Sikuwa nimemwaga popote. Molekuli za maji na za spiriti huvutana na kubanana, na ujazo wao pamoja hupungua. Ndiyo maana maelekezo husema "ongeza maji mpaka ifike lita moja", hayasemi "ongeza mililita 271". Kwenye ORS tofauti hiyo ni ndogo mno, usiipotezee usingizi.

Wanaozimua klorini ya kusafishia huteleza kwingine. Kutoka asilimia 3.5 kwenda 0.5 ni mara saba, na wengi huweka kipimo kimoja cha dawa na saba vya maji. Maji ni sita. Cha saba ni dawa yenyewe.

Yule mama nilimpa pakiti nyingine, tukasoma pamoja nyuma yake: lita moja. Nasisitiza kusoma, kwa sababu zipo pakiti za nusu lita na za mililita 200, na kwa sura zinafanana. Nikamwambia ajaze chupa yake ileile mara mbili kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, ayamimine kwenye jagi, ndipo atie unga wote, akoroge mpaka usionekane, ampe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko, na kitakachobaki baada ya saa 24 akimwage.

"Na nikitaka kutengeneza chupa moja tu?" akauliza.

"Nusu pakiti."

"Nitaijuaje nusu ya unga?"

Hapo alinishika. Mizani hana, na unga wa vitu vinne haugawanyiki sawasawa kwa macho. Nikamtafutia pakiti mbili za nusu lita.