Je, wajua? Pochi yenye pesa nyingi hurudishwa zaidi kuliko pochi tupu

Simama stendi za matatu za Railways ama Odeon, Nairobi, uulize watu hivi: pochi mbili zimepotea, moja ina elfu kumi na nyingine ina makaratasi tu, ni gani itamrudia mwenyewe? Wengi watakujibu papo hapo kwamba hiyo ya makaratasi inaweza kurudi, hiyo ya elfu kumi asahau. Jibu linaonekana wazi kabisa, na limepimwa, na si kweli.

Waliopima ni mwanauchumi Alain Cohn na wenzake watatu, na matokeo yao yakatoka 2019 kwenye jarida la Science. Walichofanya ni kitu rahisi lakini kikubwa ajabu. Walitengeneza pochi zaidi ya 17,000 za plastiki inayoonyesha ndani, wakaweka kadi za jina na anwani ya imeili, orodha ya vitu vya kununua sokoni iliyoandikwa kwa lugha ya hapo, na ufunguo mmoja, halafu mtu wao anaingia benki, hoteli, posta, kituo cha polisi ama ofisi ya serikali, anamwachia mtu wa mapokezi akisema ameiokota hapo nje na ana haraka, kisha anaenda zake. Miji 355, nchi 40, Kenya ikiwemo. Nyingine hazikuwa na pesa, nyingine zilikuwa na kama dola 13 kwa pesa za nchi hiyo. Kazi ikawa ni kungoja kuona nani ataandika imeili.

Zile tupu, kwa wastani asilimia 40 ya watu waliandika. Zenye pesa, asilimia 51. Na hii haikutoka kwa nchi moja tajiri ikavuta wengine, manake katika nchi 38 kati ya 40 pesa iliongeza uaminifu. Wakasema labda dola 13 ni kidogo haitamaniki, basi Marekani, Uingereza na Poland wakapandisha hadi dola 94 hivi. Hapo ndipo mtu anakaa chini: pochi tupu asilimia 46, yenye pesa kidogo 61, yenye pesa nyingi 72.

Ukweli ni kwamba Kenya ilikuwa upande wa chini wa orodha kwa idadi ya pochi zilizotolewa taarifa, na nitarudi hapo baadaye kwa sababu hiyo namba ina shida yake. Lakini kwanza tumalizane na ile imani ya mwanzo, kwa sababu ni ngumu kufa. Hao watafiti waliwaomba Wamarekani wa kawaida wabashiri matokeo, wakabashiri kinyume, kwamba pesa ikizidi uaminifu unashuka. Wakauliza na wanauchumi zaidi ya 200, watu ambao kazi yao ni kusoma tabia za wanadamu na pesa, na wao pia hawakuona hiyo asilimia 72 ikija. Ukimwonyesha mtu hizi namba anaanza kutafuta sababu nyingine. Atasema waliogopa kamera, lakini kuwepo kwa kamera hakukubadilisha matokeo. Atasema waliogopa sheria, ama walitaka zawadi, hayo nayo yakaangaliwa na hayakueleza tofauti. Atasema sawa, waliandika imeili lakini pesa walikuwa wameshakula. Hapana, zile pochi zilizochukuliwa tena kukaguliwa zilikuwa na karibu asilimia 98 ya pesa yake. Tunawadhania wenzetu vibaya kuliko walivyo, na hilo linaniuma kidogo ukizingatia venye tunaishi mjini humu tukishikilia mifuko.

Sasa kwa nini? Fikiria kitabu cha madeni cha duka la mtaani. Ukichukua peremende ya shilingi mbili mwenye duka anakuambia utaleta kesho na haandiki popote, hiyo imeisha, hata wewe huhesabu kwamba unadaiwa. Lakini ukichukua unga pakiti tatu na mafuta lita mbili, lazima kitabu kifunguliwe, jina lako liandikwe juu na kiasi kando, na kila ukipita pale unajua jina lako liko ndani. Kila mtu ana kitabu kama hicho anachojiandikia mwenyewe kuhusu yeye ni mtu wa aina gani. Pochi tupu ukiiacha kwa droo hakuna cha kuandika, ulikuwa bize, ulisahau, basi. Yenye pesa nyingi inalazimisha kitabu kifunguliwe, na neno linaloandikwa mbele ya jina lako ni mwizi. Tamaa inapanda pesa ikipanda, ni kweli, lakini uzito wa lile neno unapanda haraka zaidi. Walipouliza watu kwenye dodoso, ndivyo walivyosema: kadiri pesa inavyoongezeka, kukaa na pochi ya mtu kunahisi zaidi kama kuiba.

Na kuna ule ufunguo. Ufunguo wa nyumba ya mtu usiyemjua haukufaidi chochote, lakini yeye anateseka bila huo. Katika zile nchi tatu pochi zilizokuwa na pesa na ufunguo zilirudishwa zaidi kuliko zenye pesa bila ufunguo, tofauti ya kama pointi 9 za asilimia. Kwa hivyo si suala la kujilinda jina peke yake, watu wanamfikiria mwenye kitu, na hiyo naipenda sana.

Tulikua tukiambizana cha kuokota si cha kuiba. Sheria ya Kenya haikubali hivyo: kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kuwa wizi ukijifanyia chako kitu kilichopotea huku unamjua mwenye kitu ama unaweza kumpata. Pochi yenye kitambulisho ndani, basi, haina utetezi.

Tahadhari ziko. Waliopimwa ni watu wa mapokezi wakiwa kazini, si mtu peke yake usiku kwa njia ya Kangemi. Pia usidhani kwamba kukumbusha watu maadili kunatosha kuwafanya waaminifu, kuna utafiti wa 2008 uliosema watu wakikumbuka Amri Kumi wanaacha kudanganya kwa mtihani, ukarudiwa na maabara nyingi matokeo yakatoka 2018, haukushika.

Halafu imeili. Watafiti waliorudia jaribio China, nchi iliyokuwa mkiani, walionyesha 2023 kwamba watu wengi pale hawakuandika imeili lakini waliitunza pochi vizuri ikimngoja mwenyewe. Nairobi je? Hapa ukiokota kitambulisho unapiga simu, ama unapiga picha unaweka kwa grupu ya WhatsApp ya mtaa, ama unapeleka polisi. Nani anaandika imeili? Ningetaka sana kuona jaribio hilo likirudiwa hapa na namba ya simu kwenye kadi, na mtu akirudi baada ya wiki kuuliza pale mapokezi kama kuna pochi iliachwa.