Sifuri, moja na 137: dhana potofu kuhusu namba ambazo programu huacha zikimaliza kazi

Tanga mjini siku hizi hukosi kompyuta ya Linux iliyosukumwa chini ya meza: kwenye duka la dawa Ngamiani, kwa wakala wa forodha karibu na bandari, hata shuleni. Usiku inaendesha skripti, yaani faili ya amri zinazofuatana, ya kuchukua bakapu (nakala ya akiba) ya hesabu. Aliyeiandika mara nyingi ni kijana aliyenakili amri kutoka kwa mwenzake, na pamoja na amri akarithi imani kuhusu msimbo wa kutoka, ile namba ndogo ambayo kila programu huiacha ikimaliza. Haionekani kwenye skrini mpaka uiulize kwa `echo $?`, kwa hiyo uvumi juu yake unaishi maisha marefu.

"Sifuri maana yake kazi imefanyika."

Sifuri ni kauli ya programu yenyewe kwamba, kwa kipimo chake, haina la kulalamikia. Kipimo chake si lazima kiwe chako. Itume `curl` ikavute faili ambayo haipo. Seva itajibu 404, nayo `curl` itatoka na 0, kwa sababu imeomba na imejibiwa. Unabaki na ukurasa wa "haipo" uliohifadhiwa kwa jina la faili uliyoitaka. Ongeza `-f`, ndipo itoke na 22.

"Isiyo sifuri ni kosa."

Kwa `grep`, 0 ni kwamba neno limepatikana, 1 halikupatikana, na 2 ndiyo hitilafu yenyewe, kwa mfano faili haisomeki. `diff` nayo ni hivyo hivyo: 1 ni kwamba faili mbili zinatofautiana. Sasa fikiria skripti inayotafuta neno ERROR kwenye logi ya mashine ya risiti. Jibu 1 ni habari njema kabisa, lakini kama juu umeandika `set -e`, inayoisimamisha skripti amri ikitoka na namba isiyo sifuri, skripti itakufa papo hapo kwa sababu mambo ni mazuri. Upande wa Windows, `robocopy` hurudisha 1 ikifanikiwa kunakili. Kushindwa kunaanzia 8.

"Kila namba ina maana moja dunia nzima."

Kiwango cha lugha ya C kinatambua mambo mawili tu, kufaulu na kushindwa. Lipo jaribio moja mashuhuri la kupanga zaidi ya hapo: faili ya `sysexits.h` kutoka Chuo Kikuu cha Berkeley, ambayo asili yake ni kazi za Eric Allman kwenye programu za barua pepe. Humo namba zinaanzia 64 hadi 78: 64 umeiita programu vibaya, 75 tatizo la muda, jaribu baadaye, 78 mipangilio ina kasoro. Ni mpango mzuri, na programu nyingi hazikuufuata. Kwa `curl`, 78 ni kwamba ulichokitaka hakipo kwenye seva. Mtu akikwambia anakaa Barabara ya Saba, unamuuliza kwanza: ya Ngamiani au ya Dodoma? Namba ya kutoka nayo isomwe na jina la programu yake. Maana iko kwenye mwongozo, `man grep`, `man rsync`, karibu na mwisho ambako wengi hawafiki.

Kikomo nacho kinasahaulika. Kwenye Unix, familia ya mifumo ambayo Linux imeifuata, programu iliyoanzisha nyingine kwa kawaida husoma biti 8 tu za namba hiyo, yaani 0 hadi 255. Skripti inayohesabu makosa kisha kutoka na hesabu hiyo, ikikuta makosa 256, itatoka na 0. Makosa 300 yatasomeka 44.

"137 ni RAM imejaa."

Hii inapendwa sana na watu wa Docker, chombo cha kuendesha programu ndani ya makasha yaliyotengwa. Sheli, yaani programu inayopokea amri zako, kama Bash, ikiona programu imeuawa kwa ishara (ujumbe wenye namba unaotumwa kwa programu), huchukua 128 na kuongeza namba ya ishara hiyo. 137 ni 128 na 9, yaani ishara ya kuua isiyozuilika. Keneli, kiini cha mfumo, huituma kweli RAM ikiisha, lakini pia hutumwa na mtu aliyeandika `kill -9`, au na `docker stop` ikichoka kusubiri sekunde 10. Soma `dmesg`, ujumbe wa keneli, kabla ya kumwambia mwenye duka anunue RAM. Kwa hesabu hiyo hiyo, 130 ni Ctrl+C, 139 programu imegusa kumbukumbu isiyo yake, 143 imeombwa kuondoka kistaarabu. 126 na 127 ni za sheli yenyewe: amri ipo ila haiendesheki, na amri haikuonekana.

"Skripti imesema bakapu tayari, basi ipo."

Hapa ndipo hesabu za watu zinapopotea. Tazama mstari huu, ambao umo karibu katika kila skripti ya bakapu:

`mysqldump duka | gzip > duka.sql.gz && echo "Bakapu tayari"`

`mysqldump` inatoa yaliyomo kwenye hifadhidata, `gzip` inayakandamiza. Amri zikiunganishwa kwa paipu, alama ya `|`, namba inayohesabiwa ni ya amri ya mwisho. Nywila ya hifadhidata ikibadilishwa, `mysqldump` inashindwa na haitoi kitu. `gzip` inapokea utupu, inaukandamiza kwa uaminifu kuwa faili ya baiti 20, inatoka na 0. Mwenye duka akiuliza, fundi anajibu bila kusita, "Ipo mzee, kila usiku." Faili ipo kweli.

Tiba ni `set -o pipefail` mwanzoni mwa skripti: mnyororo mzima unahesabiwa kuwa umeshindwa amri yoyote ndani yake ikishindwa. Imekuwa kwenye Bash miaka mingi, na mwaka 2024 ikaingizwa kwenye POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix. Ina ukorofi wake: `head` ikifunga paipu mapema, amri iliyoitangulia inaweza kuuawa kwa ishara 13, ukaona 141 ambayo si balaa. Bado naichagua hiyo kuliko ukimya.

Na ukitaka kuikagua namba mwenyewe, ihifadhi palepale, `hali=$?`. Ukitanguliza `echo` hata moja, `$?` inakuwa ya hiyo `echo`.

"Cron itanijulisha."

Cron ya kawaida, programu inayoendesha skripti kwa saa uliyopanga, huangalia maandishi yaliyotoka, haiangalii namba. Skripti iliyoshindwa kimya haina barua. Iliyofaulu kwa kelele inayo, tena kama mashine imepangwa kutuma barua, na nyingi hazikupangwa. Ukitumia taima ya systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux nyingi, badala yake, huduma iliyotoka vibaya inabaki na alama, na `systemctl --failed` itakuonyesha asubuhi. Lakini kama skripti haina `pipefail`, orodha hiyo nayo itakuwa tupu.