Je, wajua? Dawa ya virusi inaweza kufanya askari wa mwili wakugeukie

Jirani yangu hapa Kondele, mama wa omena, aliniuliza mbona dada yake anaugua na dawa anameza (ameniruhusu niandike). Dada yake ako kwa ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, mwaka wa pili, CD4, yaani askari wa mwili walio kwa damu, imepanda, virusi havionekani kwa kipimo, alikuwa ameshanenepa vizuri, halafu ghafla akaanza kukonda, moyo unadunda, mikono inatetemeka, jasho hata usiku wa mvua, na shingo imefura mbele. Watu wa ploti wakasema ameacha dawa. Wapi! Alikuwa anameza kila siku, na hii shida ilikuja juu dawa imefanya kazi.

ARV zikizuia virusi kuzaana, CD4 wanarudi, lakini si wote siku moja. Wiki za kwanza wanarudi wazee wa kazi, wanaomjua adui wa kitambo na kumvamia kwa fujo, ndio maana mwenye TB iliyojificha anaweza kuzidiwa punde tu akianza dawa. Makurutu wanakuja polepole, wanatoka kwa tezi ya thaimasi huko kifuani, hiyo ndiyo shule yao ya kujua nani wa nyumbani na nani mgeni, na kwa mtu mzima hiyo shule imeshanyauka. Madaktari wanashuku wengine wanapita bila kuiva. Hao ndio wanasababisha kingamwili zinazosukuma tezi ya shingo itoe homoni bila breki. Ni ugonjwa wa Graves, na kwa watu wa ARV mara nyingi huja kati ya mwaka 1 na 3 baada ya kuanza. Si wengi hupata, lakini iko.

Kwa hepataitisi C, ugonjwa wa ini wa virusi, ilikuwa tofauti. Zamani watu walidungwa intaferoni, wengi wiki 24 au 48. Hiyo mwili hutengeneza wenyewe, Isaacs na Lindenmann waliitambua London 1957, na ni kama nduru: seli ikivamiwa inapiga, majirani wanajihami. Sasa nduru ya usiku mmoja kijiji kinatoka kinafukuza mwizi kinarudi kulala, lakini ipige karibu mwaka mzima uone kama hawatamkamata hata shemeji aliyekuja kusalimia. Wengine waliharibika tezi ya shingo, wachache wakapata lupasi, yaani askari kushambulia ngozi na viungo vya mwili wenyewe, au kisukari. Tembe za siku hizi kama sofosbuvir, iliyoidhinishwa Marekani 2013, zinapiga kirusi chenyewe.

Yule dada alipimwa homoni, akapewa kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni ya tezi, ARV zikaendelea vilevile. Mikono imetulia. Watu wa ploti sasa wanadai alipelekwa kwa mganga.