Tramu ya urithi ni nini hasa?

Sie wa Tanga tukisikia neno urithi akili inakimbilia magofu ya Tongoni au majengo ya Mjerumani kule mjini, yaani kitu kimekaa, unakiangalia, unapiga picha unaondoka. Tramu ya urithi siyo hivyo. Tramu ni behewa linalopita juu ya reli katikati ya barabara za mji, zamani likivutwa na farasi, baadae umeme, na ikiitwa ya urithi maana yake kazi yake ya kupeleka watu makazini ilishaisha ila bado wapo watu wanaitembeza, wengi wao wanajitolea tu, hawalipwi hata senti.

Hapo kwenye kuitembeza ndo kwenye maana yenyewe. Ikipakwa rangi ikasimamishwa ukumbini hiyo ni ya makumbusho basi.

Uingereza, Southampton walipokuwa wanaziondoa tramu zao, mwaka 1948 wapenzi wa tramu wakanunua moja, namba 45, kwa pauni 10. Pauni 10 tu! Sasa ukishanunua unaiweka wapi, maana inataka reli, inataka waya wa umeme, na spea haziuzwi popote lazima uzichonge mwenyewe karakana. Mwaka 1959 wapenzi hao wakapata sehemu kwenye machimbo ya mawe huko Crich, Derbyshire, wakatandika reli wenyewe, na 1964 tramu za umeme zikaanza kubeba abiria pale.

Ikifika mwisho wa reli tramu haigeuzwi. Kondakta anashuka, anashika kamba, anauvuta chini ule mlingoti wa juu ya paa unaochukua umeme kwenye waya, anazunguka nao hadi upande wa pili, halafu anaulenga tena kwenye waya polepole, huku dereva anachomoa mkono wa kuendeshea anahamia nao kule nyuma ambako sasa ndo mbele. Hiyo huipati kwenye kibao cha ukutani, lazima aliyewahi kuifanya amshikishe kijana ile kamba.

Kwetu kitu cha karibu ni zile reli nyembamba za mashamba ya mkonge, troli, vile vigari vya kusukuma juu ya reli, zilikuwa zinatoa majani shambani kupeleka korona, yaani kiwanda cha kutoa nyuzi za mkonge, na ile njia ya Mjerumani ya Tengeni kwenda Sigi chini ya Amani kule Usambara, geji yake, yaani upana kati ya reli mbili, milimita 750. Shule niliyosoma kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kimening'inizwa kwenye mwembe, tunakigonga kwa nondo, na miaka yote ile sikuuliza kimetoka wapi. Sasa hivi nataka nimpate babu mmoja aliyesukuma troli, tutembee naye shambani taratibu anionyeshe mataruma, yale ya kulalia reli, yalipolala, kabla hawajalima tena pale juu.