Tairi la Golf GTI: kwa nini nang'ang'ania 225/45R17

Haipiti wiki bila kuletewa Golf GTI iliyovishwa matairi yasiyo saizi yake. Nazungumzia toleo la tano na la sita, zile za injini ya lita mbili yenye turbo ambazo vijana wengi wa hapa Mombasa wameziagiza kutoka Japani au Uingereza. Nyingi kati ya hizo zilitoka kiwandani na 225/45R17, na zilizoagizwa na rimu kubwa zikawekwa 225/40R18. Mimi nimezikuta na 215/45, na 235/45, na siku moja nikaikuta iliyovaa 225/45 mbele na 225/50 nyuma. Mwenye gari hana habari. Aliambiwa tu, "Rimu yako ni kumi na saba, na tairi hili ni la kumi na saba."

Hiyo kumi na saba, yaani kipenyo cha rimu kwa inchi, ndiyo namba isiyo na ubishi, maana tairi la 17 halikai kwenye rimu ya 16 hata ulipigie magoti. Makosa hufanyika kwenye namba mbili za mwanzo.

Mwezi uliopita alinijia kijana kutoka Mtwapa. "Mzee, gari yakwaruza nikikata usukani wote, na nikibeba watu yakwaruza hata kwenye matuta." Nikainama nikatazama. Plastiki ya ndani ya madgadi ya mbele ilikuwa imelika hadi ikatoboka, na bega la tairi liling'aa kama limepigwa msasa. Ubavuni limeandikwa 225/50R17. Siku aliponunua, duka halikuwa na 45, akapewa 50, akahakikishiwa kwamba tofauti ni tano tu.

Tano hiyo si milimita. 225 ni upana wa tairi kwa milimita, na 45 ni asilimia ya upana huo: ubavu wa tairi, kutoka ukingo wa rimu hadi juu linapogusa barabara, una kimo cha asilimia 45 ya 225, yaani milimita 101 na kitu. Chukua ubavu huo mara mbili, kwa sababu uko juu ya rimu na uko chini yake, kisha ongeza kipenyo cha rimu. Inchi 17 ni milimita 431.8. Jumla ndiyo kimo cha tairi zima, milimita 634. Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa 225/50: ubavu unakuwa 112.5, na kimo kinafika karibu 657. Hiyo "tano tu" imelirefusha tairi kwa milimita 22 na nusu, nusu yake imekwenda juu na nusu imekwenda chini. Zile milimita 11 za juu ndizo zilizokula plastiki. Golf ya kawaida huenda ingezivumilia, lakini springi za GTI ni fupi tangu kiwandani, na nafasi ilikuwa ndogo kabla hata tairi halijabadilishwa.

Madhara hayaishii kwenye kukwaruza. Spidimita huhesabu mizunguko ya magurudumu, haijui kama gurudumu limerefuka. Kimo kikizidi kwa asilimia 3.5, basi sindano ikiwa kwenye 100 gari linakwenda kasi kwa asilimia 3.5 zaidi ya lilivyokuwa likienda zamani sindano ikiwa pale pale. Watengenezaji huziacha spidimita zisome juu kidogo ya mwendo halisi, kwa hiyo sehemu ya kosa humezwa, lakini ile akiba uliyokuwa nayo mbele ya kamera ya polisi ndiyo imeliwa. Gia nazo zote zimekuwa ndefu. Gari lililonunuliwa kwa ajili ya kuruka linaondoka kizito, na breki zina kazi zaidi ya kulisimamisha gurudumu refu. Kijana wangu aliniambia alidhani turbo imeanza kuchoka, na alikuwa ameshamlipa mtu aikague. Hilo liliniuma kuliko ile plastiki.

Mafundi wengi hutumia kanuni ya asilimia tatu: usivuke hapo juu wala chini. Mimi kwa GTI sipendi kuvuka moja na nusu, na ndani ya mpaka huo bado kuna chaguo za kutosha. 205/50R17 ina kimo cha 637, na 225/40R18 ni 637 pia. 205/55R16 ni 632. Hata 195/65R15, tairi la Golf za injini ndogo, ni 634 na nusu, karibu sawa kabisa na la GTI. Volkswagen walikibakiza kimo mahali pamoja wakabadilisha rimu na ubavu, na huo ndio mfano mzuri wa kufuata. Usihangaike lakini kuivalisha GTI rimu ya 15: diski zake za mbele zina kipenyo cha milimita 312, na ukiongeza na mwili wa breki wenyewe, rimu hiyo haiingii.

Tuje kwa 215/45R17, ambayo naletewa sana kwa sababu huwa na bei nafuu. Kimo chake ni 625, pungufu kwa asilimia 1.4. Halikwaruzi, na kwenye rimu linakaa vizuri. Tatizo limejificha kwenye namba ambayo watu hawaisomi, ile inayokuja baada ya saizi. 225/45R17 ya kawaida huandikwa 91, na 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615. 215/45R17 ya kawaida huandikwa 87, ambayo ni kilo 545. Kwa matairi manne umepoteza kilo 280 za uwezo. GTI tupu ina karibu kilo 1,400 na sehemu kubwa ya uzito huo imelalia mbele. Weka watu watano, weka mizigo ya sikukuu, ishike barabara ya Voi saa saba mchana lami ikiwa inatokota, kisha ukute upepo ulipungua tangu wiki iliyopita. Ubavu unapinda kila mzunguko, unapinda na kupata joto, na tairi hufa kwa joto. Nimeona matairi yaliyopasuka namna hiyo yakiwa na meno yote, hata mwaka hayajamaliza.

Ukiitaka 215/45R17 basi tafuta iliyoandikwa 91 XL, yaani tairi lililoimarishwa kubeba mzigo zaidi. Na hapa naomba uniskilize vizuri, kwa sababu hata baadhi ya wauzaji hawaelezi: tairi la XL linafikia mzigo wake kwa upepo mwingi zaidi. Tairi la kawaida hupimwa mzigo wake kwa bari 2.5, kama PSI 36. XL hupimwa kwa bari 2.9, kama PSI 42. Maana yake ukiliweka 91 XL mahali pa 91 ya kawaida na ukaliacha na upepo ule ule wa zamani, linabeba kidogo kuliko ulivyodhani. Ongeza upepo kiasi.

Herufi ya mwisho ni ya mwendo. H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270, Y ni 300. Watu huniuliza W ya nini na sheria yetu inakomea 110. Mimi huitazama herufi hiyo kama kipimo cha uvumilivu wa joto na uimara wa tairi linapokatishwa kona. Kwa gari la nguvu za farasi 200 na zaidi, tena katika pwani hii, sishuki chini ya V.

Sasa rimu ipi? Ukiniuliza bila kunipa muda wa kufikiri nitakujibu 17. Ubavu wa milimita 101 unakupa usukani unaojibu upesi, na bado una nyama ya kupokea shimo. 18 ina ubavu wa milimita 90. Milimita 11 zinaonekana kichekesho mpaka siku gurudumu litumbukie kwenye shimo lililojaa maji: rimu inapinda, au tairi linaota nundu ubavuni, na tairi lenye nundu halizibwi, linatupwa. Ninao wateja wenye 18 wanaoishi Nyali na kufanya kazi mjini, na mambo yao ni mazuri kwa sababu wanaijua kila tundu ya barabara yao. Siwapingi. Lakini anayetoka kila mwisho wa mwezi kwenda bara, usiku, nyuma ya malori, namkataza. Ya 19, yaani 235/35R19, ina ubavu wa milimita 82 na kimo cha 647. Siiuzi kwa gari hili. Mtu akiitaka namwelekeza kwingine, na sioni haya kupoteza biashara hiyo.

16 ndiyo watu wanaidharau bure. 205/55R16 ni saizi inayopatikana karibu kila duka lenye matairi ya magari madogo, ikipasuka Mtito Andei una matumaini. Ubavu wake ni milimita 113, linabeba 91 ile ile, na lina uzito mdogo. Kweli, kwenye kona kali utahisi gari linayumba kidogo kabla ya kushika. Ila jaribu rimu yenyewe kwanza kwenye gari, ikiwa tupu, uizungushe kwa mkono, kwa maana si kila rimu ya 16 inapita juu ya breki za GTI. Umbo la miguu ya rimu hutofautiana.

Na rimu za mitumba, hapo ndipo ninapopandisha sauti. Golf hii ina boliti tano kwenye duara la milimita 112. Toyota nyingi na magari mengine ya Japani yana tano kwenye duara la milimita 114.3. Tofauti ni milimita mbili na nukta tatu, na boliti zikilazimishwa zinaingia. Zinaingia zikiwa zimelala upande. Zinakaza kwa uongo, zinalegea kidogo kidogo njiani, na gurudumu linaweza kuchomoka gari likiwa kwenye mwendo. Nimeshaiona kazi hiyo imefanywa na mtu anayejiita fundi, na nilikataa gari lisitoke uani mpaka rimu zibadilishwe. Tundu la katikati la rimu nalo liwe 57.1, au liwe na ringi ya kulipunguza lifike hapo, la sivyo usukani utatetemeka na utapima balansi mpaka uchoke. Zingatia pia boliti: za Volkswagen zina shingo ya mviringo kama tufe, na rimu nyingi za kununuliwa nje huhitaji shingo iliyochongoka kama koni. Ukizichanganya, boliti inashika kwenye uzi mwembamba wa chuma badala ya kukalia kiti kizima.

Upana wa rimu usiusahau. Rimu ya GTI ya 17 huwa na upana wa inchi 7.5, na 225/45 inakubali kutoka 7 hadi 8.5. Ukikuta imechongwa 9J, yaani upana wa inchi 9, iache.

Kama mfuko unaruhusu matairi mawili tu, nunua mawili ya saizi ile ile na aina ile ile, yote kwenye ekseli moja. GTI huvuta kwa mbele kwa hiyo mbele ndiko kunakolika, na kila mtu hutaka mapya yaende huko. Mimi huyaweka nyuma, na yale ya nyuma yenye meno ya kutosha nayaleta mbele. Mbele ikiteleza kwenye mvua za masika unahisi mikononi na unaachia mafuta. Nyuma ikiteleza, dereva wa kawaida hana la kufanya, gari linageuka. Wenye Subaru za kuvuta magurudumu yote wao hata hilo la mawili mawili hawana uhuru nalo: vimo vikitofautiana, difrenshali ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi mchana kutwa bila kupumzika, nayo ni ghali kuliko matairi manne.

Kabla hujalipa, tafuta tarehe. Ni tarakimu nne za mwisho kwenye mstari ulioanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani kwenye joto na chumvi ya pwani miaka sita, hata kama bado lina vinyweleo vyake vya kiwandani, kwangu si jipya.

Upepo wake umeandikwa ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta au kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kuna namba mbili, ya mzigo mdogo na ya gari lililojaa. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Ukipima adhuhuri baada ya kutoka Likoni, joto litakuwa limeshaongeza PSI kadhaa na utadanganyika upunguze. Kama gari lako lina kile kitufe cha kuonya upepo, kishike baada ya kubadilisha matairi ili lijifunze upya, kwa sababu linalinganisha mizunguko ya magurudumu, halina kipimo ndani ya tairi.

Boliti nakaza kwa spana ya kipimo, niutonimita 120, na namwambia mteja arudi baada ya kilomita 50 hadi 100 nizijaribu tena. Kijana wa Mtwapa alirudi wiki ya pili, akiwa na 225/45R17 91W nne na plastiki mpya. Nilizijaribu boliti zote ishirini, hazikuongezeka hata robo. Turbo yake haikuwa na neno tangu mwanzo.