Ngazi mbili za Montgomery

Wasafiri wengi wanaotoka Atlanta kwenda New Orleans kwa gari huipita Montgomery, mji mkuu wa jimbo la Alabama, wakisimama kujaza mafuta tu. Sisi tulishuka. Mimi ni mhandisi wa majengo, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiitamani ngazi moja iliyo mjini humo. Mbili, kwa usahihi. Mke wangu husema wenzake wakisafiri huonyeshwa bahari, yeye huonyeshwa boriti.

Kwa barabara ya I-85 ni kama kilomita 260. Ukivuka mpaka wa Alabama saa inarudi nyuma, kwa hiyo unafika mapema kuliko ulivyotarajia. Tuliegesha karibu na chemchemi ya Court Square. Eneo hilo ndipo watumwa walipokuwa wakinadiwa, na ndipo Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti, alipopandia basi jioni ya tarehe 1 Desemba 1955. Kutoka hapo barabara ya Dexter inapanda moja kwa moja hadi Capitol, jengo jeupe la serikali ya jimbo, juu ya mwinuko ambao wenyeji wanauita Kilima cha Mbuzi. Hatua chache kabla hujafika, kuna kanisa la matofali mekundu ambalo Martin Luther King alikuwa mchungaji wake kuanzia mwaka 1954 hadi 1960. Ni dogo kuliko nilivyodhani.

Nje ya Capitol kila mtu hupiga picha mahali pamoja: nyota ya shaba iliyozamishwa sakafuni, pale Jefferson Davis alipoapishwa tarehe 18 Februari 1861 kuongoza majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani ili yabaki na utumwa. Tarehe 25 Machi 1965 waandamanaji waliotembea kutoka mji wa Selma kudai haki ya watu weusi kupiga kura walifika chini yake, na Martin Luther King akahutubia akiwa barabarani, kwa kuwa hawakuruhusiwa kupanda. Pigeni picha, sawa. Lakini naona watu wanageuka na kurudi kwenye magari yao, na ndani hawaingii.

Ndani, ukishapita mlango mkuu, ngazi mbili zinatazamana, moja kila upande, zikijizungusha kwenda juu ghorofa kwa ghorofa. Katikati hakuna nguzo. Binti yangu alisimama pale kwenye uwazi, akainua shingo.

"Baba, hii inashikwa na nini?"

Bana rula kwenye ukingo wa meza, ncha moja ikaning'inia hewani, kisha ibonyeze ile ncha. Itapinda, na pale ulipoibana itataka kung'oka. Kipandio kilichochomekwa ukutani upande mmoja kina shida hiyo hiyo. Ngazi ya kuzunguka hupunguza shida kwa sababu kipandio hakibaki peke yake: kinaegemea kilicho chini yake, nacho kinaegemea kinachofuata, mpaka sakafuni. Ubao uliopindwa upande wa ndani huvifunga vyote pamoja, na uzito unageuka kuwa msokoto unaosukumwa ukutani. Kazi ngumu hapo ni kuupinda ubao bila kuupasua, na kuunganisha vipande visicheze. Nilipiga magoti nichungulie chini ya kipandio cha kwanza. Mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Fundi anayetajwa kuwa alizijenga ni Horace King, alipojengwa upya jengo hili mwaka 1850 na 1851 baada ya lile la kwanza kuungua mwaka 1849. King alizaliwa mtumwa huko South Carolina mwaka 1807. Yeye na bwana wake, John Godwin, walikuwa wakijenga madaraja ya mbao kwenye mito mikubwa ya Kusini, kwa mtindo wa mbao nyembamba zinazopishana kama kimia na kufungwa kwa vigingi vya mti. Uzuri wa mtindo huo ni kwamba huhitaji magogo makubwa wala chuma kingi. Unahitaji mtu anayejua kupima na kutoboa. Aliyezoea kupeleka uzito juu ya maji ya mto Chattahoochee hakuogopa ngazi isiyo na nguzo.

Mwaka 1846 Godwin alimwacha huru, na bunge la Alabama likapitisha sheria maalumu ya kumruhusu King abaki jimboni, kwa sababu aliyeachwa huru alitakiwa kuondoka. Miaka michache baadaye akawajengea wabunge ngazi zao. Na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoukomesha utumwa, mwaka 1868, akachaguliwa yeye mwenyewe kuwa mbunge, akawa na haki ya kuzipanda kwenda kazini. Hilo nililirudia mara mbili kwa sauti mpaka mke wangu akaniambia nimelieleza vya kutosha.

Tulikuwa na saa mbili tu. Jumba la kumbukumbu la Rosa Parks tulilipitia kwa haraka mno, na ukumbusho wa waliouawa kwa kunyongwa na magenge, uliofunguliwa mwaka 2018, unastahili nusu siku yake. Usiubane kwenye ratiba ya mchana mmoja kama mimi.

Horace King alifariki mwaka 1885, na kaburi lake liko LaGrange, Georgia, kwenye hiyo hiyo I-85. Nilikuwa nimepanga tusimame hapo asubuhi. Tulipofika njia ya kutokea, mtoto alikuwa amelala, nikapitiliza. Tutalipitia tukirudi.